Daraja la Bollman juu ya mtaro wa Nyakato: shajara ya mradi

Juni, wiki ya kwanza

Kazi yenyewe ni hii: daraja la waenda kwa miguu, urefu mita 2.4, upana mita 1, juu ya mtaro unaokatiza mbele ya karakana yetu hapa Nyakato, Mwanza. Kwa sasa pamelazwa mbao mbili, na mvua kubwa ikinyesha zinaondoka na maji, tunabaki kutafuta nyingine. Wanaopita hapo ni watoto wa shule, akina mama wenye ndoo za dagaa kichwani, na sisi wenyewe tukibeba mageti.

Ningeweza kulaza engo mbili (vyuma vya umbo la L), nikaweka bamba la chuma juu, kazi ikaisha Jumamosi moja. Ila nina vijana wanne wanaojifunza ufundi kwangu, na mageti na madirisha wameshayafanya mpaka wameyachoka. Nataka wajenge kitu ambacho kila kipande kina sababu ya kuwepo. Kwa hiyo tunafuata mfano wa daraja la Savage, jimbo la Maryland, Marekani.

Daraja la Savage ni la kenchi za chuma, yaani fremu za vyuma vilivyounganishwa vibebe mzigo pamoja, la mwaka 1869, lililojengwa kwa ajili ya treni za reli ya Baltimore and Ohio. Lina vipande viwili, kila kimoja karibu futi 80, kwa hiyo letu ni kama moja ya kumi ya kipande kimoja. Mwaka 1887 lilitolewa mahali pake pa kwanza likaletwa Savage, juu ya Mto Little Patuxent, kuhudumia kiwanda cha pamba kilichokuwa kinafuma turubai. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa kiwanda cha pamba kina uhusiano gani na reli. Kiwanda kilifungwa mwaka 1947. Daraja likabaki, na mwaka 1966 chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani kililiweka la kwanza kabisa kwenye orodha yake ya kazi za kihistoria za uhandisi. Leo hakuna treni. Watu wanapita kwa miguu. Ni la mwisho la kenchi za Bollman lililobaki.

Michoro yake tumeipata bure, Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye intaneti. Kuichapisha kwa karatasi kubwa pale mjini ndiko kulikokula hela.

Juni, bado

Aliyebuni kenchi hii ni Wendel Bollman, seremala wa Baltimore aliyejisomea mwenyewe mpaka akawa msimamizi wa njia na madaraja ya kampuni ya reli. Hati ya ubunifu wake ilitoka mwaka 1852. Nimelitaja hilo kwa vijana makusudi, maana mmoja wao aliacha shule kidato cha pili na huwa anadhani hesabu si zake.

Wazo la Bollman ni rahisi kulishika ukiwa umepita Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo na Busisi, lile la karibu kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Ukiwa kwenye gari unaona nyaya zinashuka kutoka kwenye minara hadi kwenye sakafu ya daraja. Kwa Bollman ni vivyo hivyo, ila badala ya nyaya ni vyuma, na minara iko miwili, mmoja kila mwisho. Kila sehemu ya sakafu inayobeba mzigo inashikwa na vyuma viwili vya mshazari: kimoja kinakwenda juu ya mnara wa kushoto, kingine juu ya mnara wa kulia. Vyuma hivyo vinavutwa. Minara ingeinamiana, lakini juu kuna boriti ndefu inayoitenganisha. Hiyo inasukumwa pande zote mbili. Basi. Chini hakuna chuma cha kubeba chochote zaidi ya sakafu.

Tumegawa mita 2.4 mara tano, kila nafasi sentimita 48, minara kimo cha sentimita 60. Tukapiga hesabu ya Pythagoras chini kwa chaki, tukapata mishazari ya urefu wa aina nne: sentimita 77, 113, 156 na 201. Kila kenchi inakula minane, na kenchi ni mbili. Yule wa kidato cha pili ndiye aliyegundua kwamba mshazari mfupi unabeba zaidi kuliko mrefu, kwa kuvuta kamba mbili zilizofungwa kwenye ndoo ya mchanga. Mahesabu yalikuja kumuunga mkono: ukitundika kilo 100 kwenye sehemu ya kwanza, mshazari wa sentimita 77 unavutwa kwa kama kilo 102, ule wa sentimita 201 kwa kama kilo 67.

Julai, kununua chuma

Chuma duara cha milimita 12 kwa ajili ya mishazari, bomba la inchi 3 la boriti ya juu, engo za 50 kwa 50 za sakafu, bamba la milimita 10 la vichwa vya minara.

Dukani niliombwa nichague "cha bei nafuu" au "chenyewe". Nikapima vyote kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Hicho cha bei nafuu, kilichoandikwa 12, kilikuwa 10 na nukta nne. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Lakini nguvu ya chuma cha kuvutwa inafuata eneo la sehemu iliyokatwa, siyo kipenyo: milimita 12 inakupa milimita za mraba 113, na 10.4 inakupa 85. Umepoteza robo ya chuma, na bei haijashuka kwa robo. Kwa daraja letu isingeleta msiba, tuna akiba ya kutosha. Kwa nguzo za ghorofa ni jambo jingine, na huu mchezo unajulikana mjini hapa. Fundi asiyekuwa na kalipa mfukoni ananunua maandishi.

Tumechukua chenyewe.

Julai, macho ya vyuma

Kila mshazari una jicho upande wa juu, linaloingia kwenye pini ya mnara, na tredi (mikato ya skrubu) upande wa chini, kwa ajili ya nati. Jicho ndilo gumu. Ukilikunja chuma baridi kwenye bomba na kuchomelea ncha, linakaa, ila nguvu yote ya daraja sasa iko kwenye kamchirizi ka kuchomelea kenye upana wa kidole. Nilitaka lifuliwe.

Mhunzi tumempata Igoma, mzee ambaye kazi yake ni majembe ya kukokotwa na visu. Ana mavukuto ya ngozi bado, ingawa siku hizi anatumia feni ya umeme. Anakipasha chuma mpaka kinakuwa rangi ya embe bivu, anakidunda ncha mpaka inanenepa na kufupika, anaibamiza iwe bapa, halafu anapitisha sumbulia (chuma chenye ncha cha kutobolea) katikati kabla haijawa nyekundu ya giza. Ikishafika hapo haigusi tena, anairudisha motoni. Vijana walikuwa wanahesabu moyoni, mimi nilikuwa naangalia ukingo wa tundu: hakuna ufa hata mmoja, na chuma kinazunguka tundu bila kukatwa. Drili inakata, nyundo ya mzee inasogeza.

Akauliza daraja ni la nani. Nikamwambia la Mmarekani. Akacheka, "Sasa mambo ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi, mwanangu?" Nikamjibu kwamba yanatuhusu toka zamani: reli iliyotoka Mombasa kufika ziwani Kisumu mwaka 1901 ilipita juu ya madaraja marefu ya chuma 27 yaliyoletwa vipande vipande na American Bridge Company na kusimamishwa milimani. Naye hakukubali kushindwa. Akasema kabla ya reli yoyote, ng'ambo ya ghuba kule Buzinza, Warongo walikuwa wanayeyusha chuma chao wenyewe na majembe yao yanafika mpaka Usukuma. Hapo tulitoka sare.

Macho yote yamekamilika. Mawili tumeyarudisha kwa sababu tundu lilikuwa limelala upande.

Agosti, mwanzoni

Misingi ya mawe pande zote mbili za mtaro. Mawe Mwanza si ya kutafuta, ni ya kuchagua. Saruji imepumzishwa na kumwagiwa maji wiki nzima. Hakuna la kusimulia.

Agosti, ugomvi wa kuchomelea

Vijana wanataka tuchomelee kila kitu. Wana hoja: mashine ipo, kiungo cha kuchomelea hakichezi, na mtaani nati huibwa. Mmoja akasema waziwazi kwamba daraja la nati ni ushamba.

Nimekataa, na sababu ninaziandika hapa ili nisizirudie kila asubuhi.

Daraja la Savage liko hai kwa sababu linafunguka. Mwaka 1887 hawakulikata. Walitoa pini, wakapakia vipande, wakavifunga kwingine. Lingekuwa kitu kimoja kilichoshikana, lingeuzwa chuma chakavu pale pale lilipokuwa. Na miaka iliyofuata, chuma kimoja kikichoka, hicho kimoja ndicho kinachotolewa, vingine vinabaki kazini. Hata hapa ziwani tunalijua jambo hilo. Ile meli ya zamani ya MV Victoria, ya mwaka 1961, isingerudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu kama injini zake zisingeweza kutoka na nyingine kuingia.

Sababu ya pili ni ya usalama. Zamani watu walikuwa na haki ya kuogopa madaraja ya chuma. Tarehe 29 Desemba 1876 kenchi ya chuma ya Ashtabula, Ohio, ilikatika treni ikiwa juu yake, wakafa watu wapatao 92. Pale kasoro ilikuwa kwenye kipande cha chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na kenchi yenyewe ilikuwa ya aina ambayo kila kipande kinamtegemea jirani. Bollman alitenganisha mizigo: kila jozi ya mishazari inabeba sehemu yake na kuipeleka moja kwa moja kwenye minara. Chuma cha kusubu, kinachovumilia kusukumwa lakini kinapasuka kikivutwa, alikiweka kwenye boriti ya juu na minara. Kwenye mishazari aliweka chuma cha kufua. Sisi tunatumia chuma kimoja cha dukani kila mahali, ila mpangilio tunauheshimu.

Kenchi hii ina udhaifu wake. Inakula chuma kingi. Mishazari ya urefu tofauti inarefuka kwa viwango tofauti, ya upande mmoja dhidi ya ule mwingine, hivyo inahitaji kukazwa na kulinganishwa. Ndiyo maana kampuni ya reli yenyewe iliacha kuijenga miaka ya 1870. Kwangu udhaifu huo ni mtaala. Daraja linalohitaji kukazwa ni daraja ambalo kijana ataliangalia tena.

Tumekubaliana hivi: kuchomelea kunaruhusiwa kwenye vichwa vya minara na kwenye fremu ya sakafu. Mishazari, marufuku. Wizi wa nati tutaushughulikia kwa kuponda ncha ya tredi kidogo kwa nyundo baada ya kukaza. Anayetaka kuifungua atahitaji spana, nguvu na muda, siyo vidole.

Agosti, mwishoni: kusimamisha

Minara imesimama, boriti ya juu imekaa, sakafu imening'inia kwenye mishazari. Ikaja kazi ya kukaza, na hii sikuwa nimeitilia maanani kiasi chake. Ukikaza nati ya mshazari mfupi, sehemu hiyo ya sakafu inapanda na pia inavutwa kuelekea mnara wa karibu. Jirani yake analegea. Ukimkaza jirani, wa kwanza anarudi. Nati nusu zamu huku, nusu zamu kule, uzi wa mwashi umevutwa chini kuonyesha mstari.

Kuangalia tu hakutoshi, uzi unakuonyesha sakafu imenyooka lakini haukuambii mishazari ipi inabeba na ipi imepumzika. Tukaanza kuigonga kwa mpini wa spana na kusikiliza, kama mtu anayekaza nyuzi za zeze. Ulio legelege unatoa mlio mfu, "tap". Unaobeba unalia na kuendelea kulia, na ukishika katikati unasikia mtetemo kwenye kiganja. Mirefu inalia chini, mifupi juu, lakini pacha wa upande wa pili wanatakiwa walie sawa. Kijana mwenye sikio zuri, anayepiga kinanda kanisani, amepewa cheo cha kudumu. Wengine tunafuata amri zake.

Jambo la jua: asubuhi kila kitu kinalia vizuri. Saa nane mchana, boriti ya juu imeungua huwezi kuigusa, na mishazari iliyo kivulini bado ni ya uvuguvugu. Boriti imerefuka, imeisukuma minara nje, na mishazari yote imepandisha sauti. Tumeamua kukaza ni asubuhi tu.

Septemba: mzigo

Watu wengi wanadhani daraja likishatoka kwenye magari au treni na kuwa la waenda kwa miguu, kazi imekuwa nyepesi. Kwa treni ni kweli. Kwa gari dogo siyo. Gari la tani moja na nusu linachukua kama mita za mraba 10 barabarani, yaani kilo 150 kwa mita moja ya mraba. Watu wanne wamesimama kwenye mita moja ya mraba, kama wanavyosimama wakisubiri kivuko, ni kilo 280. Wakibanana zaidi, inapanda. Ndiyo maana wahandisi wa madaraja ya miguu hukadiria hadi kama kilo 500 kwa mita ya mraba. Daraja la Walnut Street kule Chattanooga, la mwaka 1890 na urefu wa mita 724, lilifungwa kwa magari mwaka 1978, na halikuwafungukia watembea kwa miguu mpaka 1993, baada ya matengenezo makubwa. Hawakupaka rangi tu na kuweka mabenchi.

Letu lina mita za mraba 2.4, kwa hiyo kilo 1,200. Hiyo ni madumu 60 ya lita 20 yaliyojaa maji. Tuliazima mtaa mzima. Thelathini yanaenea sakafuni bila nafasi, thelathini mengine yakapangwa juu yake. Chini tuliweka matofali, tukaacha nafasi ya vidole viwili, ili likianguka lisiende mbali. Watoto wakapewa kazi ya kukaa mbali, ambayo hawakuifanya.

Sakafu ilishuka milimita 4 katikati. Nyingi ya hizo zilikuja mapema, madumu yakiwa machache: pini zilikuwa zinakaa mahali pake. Tulipopakua ikarudi, ikabaki milimita 1 ambayo haijarudi na haitarudi.

Kisha tukafanya lile nililolitaka tangu Juni. Madumu 30 juu, na nati ya mshazari mmoja wa sentimita 113, upande wa kushoto, ikalegezwa taratibu mpaka chuma kikaning'inia. Ukimya. Sakafu ikashuka milimita 6 pale, engo za sakafu zikabeba na kugawia sehemu za jirani, na ukigonga mishazari ya jirani unasikia sauti imepanda. Daraja limesimama limekosa chuma kimoja. Tukakirudisha, tukakaza, likapanda. Yule aliyesema nati ni ushamba alinyamaza kidogo, halafu akasema sawa, ila nati ziwe nzito zaidi. Nimekubali, tutabadilisha ziwe mbili mbili.

Septemba, mwishoni

Rangi nyekundu ya kuzuia kutu imeingia, ya juu itakuwa ya kijivu. Macho na pini hatujapaka, tumepaka grisi. Sakafu ni mbao za msonobari zilizotiwa dawa, zimeachiwa nafasi ya nusu kidole ili maji na mchanga vipite; mchanga unyevu uliolala juu ya chuma ni chanzo kikubwa cha kutu kwenye madaraja ya zamani.

Watu wameanza kupita kabla hatujawaruhusu. Mama mmoja wa dagaa alisimama katikati, akaruka kidogo na ndoo yake kichwani, akasema "linajibu", akaenda zake.

Tatizo ni bodaboda. Siku ya pili tu mmoja alipita na abiria na gunia la mkaa. Ukimwambia ni la miguu, anakuonyesha miguu yake. Mwenyekiti wa mtaa amekuja kuliona, amesifu, kisha akauliza kwa nini tusiliongezee upana liingize na bajaji. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba mzee, likiingiza bajaji, litaingiza na Canter. Amekubali tuweke nguzo katikati ya kila mlango, ya kutoka kwa pini ili siku ya msiba jeneza lipite. Hilo la jeneza alilisema yeye, sisi hatukuwa tumelifikiria.

Vikinga vya pembeni bado. Kenchi ina kimo cha sentimita 60 tu, mtoto anapita juu yake kirahisi, kwa hiyo tunaongeza bomba la inchi moja kwenye kimo cha mita 1, lililoshikwa na nguzo zake lenyewe kwenye fremu ya sakafu, lisiguse mishazari hata mmoja. Upande wa kushoto umekamilika. Wa kulia unasubiri elbo mbili na mita tatu za bomba, na dukani wamesema Alhamisi.